Kitufe Kisichokubali Kulazimishwa

Kwenye paneli ya jenereta ndogo, zile zinazonguruma komini ya Kampemba, Lubumbashi, kila SNEL, shirika la umeme la Kongo, inapokata umeme, kando ya tundu la plagi kuna kitufe cheusi kidogo chenye nambari ya ampea usoni. Mzigo ukizidi, kinachomoka. Ukikibonyeza, umeme unarudi. Wengi hukiona kama kero, na wapo mafundi ambao kikisumbua mara mbili tatu hukiruka kwa kipande cha waya. Mimi nasema hicho ni kifaa kilichosanifiwa kwa akili kubwa kuliko karibu kila kitu kingine kilichochomekwa nyumbani. Nitaeleza kilivyoundwa, kisha nionyeshe mahali uwezo wake unapokoma, maana nyumba huungua hapo.

Mlinzi wa kwanza wa waya alikuwa fyuzi: uzi mwembamba unaoyeyuka kabla waya wa ukutani haujapata joto la hatari. Fyuzi ni mwaminifu, ila hufa kazini. Ikishaungua lazima ununue nyingine, na duka likiwa limefungwa mtu huweka msumari au nyuzi za shaba zilizosokotwa, na ulinzi wote umekwisha. Mwaka 1924 kampuni ya Brown, Boveri ilipata hataza ya kifaa ambacho mvumbuzi wake alitajwa kuwa mhandisi Mjerumani Hugo Stotz. Kilikata mkondo bila kujiua, na ndani yake kulikuwa na walinzi wawili wenye tabia tofauti: mmoja mvumilivu, mwingine mwepesi wa hasira. Breka nyingi za majumbani leo, zile ambazo mafundi wa Lubumbashi huziita dijonkteri, ni wajukuu wa kifaa hicho.

Yule mvumilivu ni bamba la metali mbili zilizoshikanishwa. Moja hutanuka sana ikipata joto, nyingine karibu haitanuki kabisa. Kwa upande huo wa pili hutumika aloi za chuma na nikeli za ukoo wa inva, ambayo Charles Édouard Guillaume aliigundua mwaka 1896 na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920. Mkondo unapita kwenye bamba, bamba linapata joto, upande mmoja unarefuka kuliko mwenzake na bamba linapinda. Likipinda kiasi cha kutosha, linasukuma komeo na njia inakatika. Joto hukua kwa mraba wa mkondo: ukiongeza mkondo mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kwa hiyo bamba huhesabu hatari kwa hesabu ileile inayouchoma waya, na hilo ndilo linalolifanya lifae.

Kiwango cha kimataifa IEC 60898, kinachohusu breka za majumbani, hupima uvumilivu huo kwa nambari mbili. Kwenye mara 1.13 ya ampea zilizoandikwa, breka haipaswi kukata ndani ya saa nzima. Kwenye mara 1.45, lazima ikate kabla saa haijaisha. Hivyo breka ya ampea 16 inaruhusiwa kubeba ampea 18 bila kukata, na ikibebeshwa 23.2 ina hadi saa moja ya kufikiri. Mtu anayedhani kwamba 16 maana yake ni kukata kwenye 17 hajaelezwa ukweli. Uvumilivu huo una sababu yake. Mota ya kinu cha mahindi au kompresa ya friji huvuta, wakati wa kuanza, mkondo wa mara tano hadi nane ya ule wa kawaida kwa muda mfupi. Breka isiyojua kusubiri isingeruhusu hata mashine moja ianze kuzunguka, na unga wa bukari, yaani ugali, usingepatikana.

Mlinzi mwepesi wa hasira ni koili. Kwenye shoti mkondo hupanda ghafla mno hata bamba halipati muda wa kupinda. Hapo sumaku ya koili huvuta chuma kidogo na kugonga komeo ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Herufi iliyo mbele ya nambari ya breka hueleza hasira hiyo inaanzia wapi: B ni kati ya mara 3 na 5 ya ampea zake, C kati ya 5 na 10, D kati ya 10 na 20. Kitufe cha jenereta aghalabu hakina koili. Kina bamba peke yake. Shika jambo hilo, tutalihitaji.

Sasa komeo, ambalo kwangu ndilo moyo wa usanifu wote. Ungetarajia kidole kisukume ncha moja ya shaba hadi igusane na nyingine. Kingeundwa hivyo, mtu angekibonyeza polepole, ncha zikaribiane polepole, cheche ziruke katikati, na ncha ziungue kila siku. Baya zaidi, mtu aliyechoka na kukatikiwa angekishikilia kwa kidole au angekifunga kwa utepe wa gundi, na mkondo wa hatari ungeendelea kupita. Wasanifu walikitenganisha kidole na ncha. Kidole hukaza springi na kulirudisha komeo mahali pake, basi. Ncha hufungwa na springi yenyewe, kwa pigo moja la haraka, hata ukibonyeza taratibu. Kati ya kitufe na ncha kuna kiungo kinachosimama wima endapo tu komeo limeshika. Bamba likilifyatua, kiungo hulegea na ncha huachana hata kama kidole chako bado kimegandamiza kitufe kwa nguvu zako zote.

Tabia hiyo ya kujifyatua bila kujali mkono wa mtu ndiyo inayotenganisha ulinzi wa kweli na swichi ya kawaida iliyovalishwa jina. Ilitokana na kumjua binadamu. Aliyeichora alijua kwamba mbele ya kitufe atasimama mtu mwenye haraka, mwenye wateja wanaosubiri, naye atakilazimisha. Kwa hiyo alikifanya kifaa kisichojadiliana. Na bamba likiwa bado moto, komeo halishiki. Kitufe kinachokataa kukaa mara tu baada ya kukata hakijaharibika, kinasubiri kipoe. Dakika moja au mbili zinatosha, na dakika hizo zitumike kuchomoa kitu kimoja.

Tuje Kampemba. Komini hii imekusanya mambo mawili ambayo kila breka huyaogopa: karakana na viwanda vya Quartier Industriel, na nyumba za watu zilizozizunguka. Umeme wake unatoka kwenye mtandao wa Katanga, unaolishwa na mabwawa ya mito Lufira na Lualaba pamoja na laini ndefu ya Inga hadi Kolwezi, yenye takriban kilomita 1,700, iliyoanza kazi mwaka 1982. Migodi nayo inanywa kwenye chungu hichohicho. Kwa hiyo delestaji, yaani mgawo wa umeme, ni sehemu ya maisha, na umeme unaporudi, friji zote za mtaa hutaka kuanza kwa pamoja huku volti zikiwa bado chini. Mota iliyokosa volti za kutosha hushindwa kuzunguka na huendelea kuvuta ule mkondo mkubwa wa kuanzia. Bamba huliona hilo na hukata. Kuchomoa friji umeme ukikatika, na kuirudisha dakika chache baada ya kurejea, si ushirikina wa wazee. Ni ushauri sahihi wa kihandisi.

Lakini tatizo kubwa zaidi limejificha. Nyumba nyingi hapa zinaishi na vyanzo viwili, SNEL na jenereta, nyuma ya breka zilezile. Breka iliyochaguliwa kwa chanzo kimoja inaweza kuwa kipofu kwa kingine.

Chukua jenereta ya kVA 3 kwenye volti 220. Mkondo wake kamili ni ampea 13.6. Ukutani kuna breka ya C16, iliyouzwa kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani. Ili koili ya C16 ikate papo hapo kwa uhakika, inahitaji ampea 160, karibu mara kumi na mbili ya uwezo wa jenereta hiyo. Jenereta ndogo inayojilisha yenyewe sumaku yake haiwezi kudumisha kiasi hicho: ikipata shoti, volti zake huporomoka na mkondo hunywea. Koili haishtuki, bamba nalo halipati joto la kutosha, na C16 inabaki imefungwa kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo anayebaki kazini ni kile kitufe cheusi cha jenereta, ambacho kimechaguliwa kulingana na ampea za mashine yenyewe. Anayekiruka kwa waya ameondoa mlinzi pekee aliyekuwa macho. Dawa ni breka ndogo zenye herufi B kwa mizunguko ya taa na vitu vidogo: B6 hukata papo hapo kwa uhakika kwenye ampea 30, kiasi ambacho jenereta ina nafasi nzuri zaidi ya kukifikia.

Upofu wa namna hiyohiyo hutokea kwenye waya mrefu unaovutwa kutoka kwa jirani. Sema ni waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, mita 150. Kwenda na kurudi ni mita 300, na ukinzani wake unafika omu 2.1. Shoti ikitokea mwisho wa waya huo, volti 220 hazitasukuma zaidi ya ampea 105. C16 haina wajibu wa kukata papo hapo kwenye 105. Inaweza kuliachia bamba kazi hiyo, nalo huchukua sekunde kadhaa. Ganda la PVC la waya huo, kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi, linastahimili mkondo huo kwa sekunde saba na nusu hivi kabla ya kufika nyuzi joto 160. Ukingo wa usalama umebaki mwembamba mno. Weka B10 mahali pa C16: koili yake ina uhakika wa kukata kwenye ampea 50, na shida imekwisha kwa kubadili kifaa kimoja cha bei nafuu.

Kuna kosa la kinyume chake, nalo ni kukichomoa kitufe cha jenereta na kukifunga kwenye ubao wa umeme wa SNEL. Karibu na kabini yenye transfoma ya kVA 630, mkondo wa shoti unaweza kuzidi ampea 20,000. Breka ya nyumbani ina vyumba vya vibamba vya chuma vya kulikata vipandevipande tao la moto na kulizima, na ubavuni mwake huandikwa 6000 au 10000, yaani ampea inazoweza kukata salama. Kitufe kidogo hakina koili wala vyumba hivyo. Ncha zake zitaungana kama zilizochomelewa, na utabaki na kitufe kilichochomoka huku umeme ukipita. Si kosa la kitufe. Kinahitaji ndugu mkubwa mbele yake.

Paneli za jua nazo zina onyo lake. Mkondo wa SNEL hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila mara tao la moto hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo wa paneli na betri haupiti sifuri kamwe. Ndiyo maana kitufe kilichoandikwa volti 250 kwa mkondo geu mara nyingi huruhusiwa volti 32 au 50 tu kwa mkondo wa moja kwa moja. Usikifunge kwenye mnyororo wa paneli wa volti 120 kwa sababu tu ampea zinalingana.

Kwa hiyo, ndugu zangu mafundi na wauzaji wa Kampemba, mteja akija kununua breka msimuulize ampea tu. Muulizeni waya wake ni mnene kiasi gani, na upimeni: waya wa uzi mmoja wa milimita mraba 2.5 una kipenyo cha karibu milimita 1.8, na ukikuta 1.4 huo ni wa 1.5 hata kama ganda limeandikwa vingine. Muulizeni waya una urefu gani na chanzo ni kipi, SNEL, jenereta au jua. Na kitufe kikichomoka, chomoeni mzigo kwanza ndipo mkibonyeze.