Mwuaji wa Kukodiwa: Kutoka Sindano ya Shaba hadi Mchezo wa Video

Makala haya yanakusudia kuhakiki mchezo wa video uitwao Hitman kwa mizani ileile tunayoitumia kupimia kazi za fasihi. Huenda wako watakaouliza mchezo wa vijana unatafuta nini katika jarida la lugha za Kiafrika. Jibu letu ni kwamba mchezo huu una mhusika, una msuko, una dhamira, na una hadhira; na katika hadhira hiyo wamo wanafunzi wanaotusikiliza hapa Rongo tunapofundisha Utenzi wa Fumo Liyongo.

Mchezo huu ulianza kutolewa mwaka 2000 na kampuni ya IO Interactive ya Copenhagen, Denmark, na matoleo mengi yamefuata. Shujaa wake hana jina bali nambari: 47. Aliundwa katika maabara, naye ana alama ya mistari kisogoni kama bidhaa ya dukani. Kazi yake ni kuua kwa malipo kwa niaba ya shirika la siri. Mchezaji hasifiwi kwa kufyatua risasi ovyo. Hunyemelea, husikiliza mazungumzo, huvaa nguo za mpishi au mlinzi, humfikia mlengwa, kisha huondoka. Akimwua asiyehusika, alama zake hupunguzwa. Daraja la juu hupewa aliyemwua mlengwa peke yake bila kuonekana.

Wako wanaoushutumu mchezo huu kwamba unafundisha mauaji. Shutuma hiyo haitoshi, kwani hata tenzi zetu zimejaa damu. Isitoshe, mchezo una ukweli wake wa kijamii. Katika toleo la 2016, kwenye maonyesho ya mavazi mjini Paris, mwuaji hupita milango mingi akiwa na sare ya mtumishi, kwa sababu matajiri hawamtazami usoni anayewahudumia. Aghalabu anayeweza kumshuku ni yule wa kazi ileile, maana yeye ndiye anayewajua wenzake. Mhakiki wa matabaka asingeweza kulieleza jambo hili kwa ufasaha zaidi.

Kasoro ya mchezo iko kwingine, nayo huonekana tukiulinganisha na masimulizi yetu. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mtawala wa Pate anamhofia Liyongo na kumtegea hila nyingi, ikiwamo ya kumwalika kwenye kikoa cha makoma ili apigwe mishale akiwa mtini. Hila inayofaulu ni ya mwana. Kijana anaahidiwa uwaziri na binti wa mtawala. Anamwuliza babaye siri ya mauti yake, na baba anamjibu. Sindano ya shaba inapenya kitovuni baba akiwa usingizini. Liyongo anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wa mji hawathubutu kwenda kuteka maji.

Wajaluo nao wana kisa cha Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Maadui walioshindwa naye vitani wanampa binti yao awe mkewe. Anapougua, mke anatakiwa achanje kivuli chake ili kutia dawa. Damu inatoka, na siri inawafikia watu wa kwao. Vita vinapozuka tena, mkuki unachomwa kivulini.

Visa hivi viwili vinakubaliana kwamba mwuaji wa siri hujivika imani ya yule anayemwua. Hawezi kufika kitovuni wala kivulini ila awe mwana au mke. Ndiyo maana masimulizi hayamalizikii penye kifo. Mwana wa Liyongo haifaidi ahadi aliyopewa. Wasimulizi wanatofautiana juu ya mwisho wake, lakini hakuna anayemwacha akistarehe. Na mtumaji anatajwa tangu mwanzo: hatuwezi kumlaani mwana tukamsahau mtawala.

Nambari 47 hana baba wala mke wa kumsaliti. Vazi lake ni kitambaa tu, na hulivua bila deni. Ni haki kukiri kwamba watunzi wameliona pengo hili. Katika toleo la 2002 tunamkuta akiwa mtunza bustani wa kanisa kule Sicily, akitaka kuungama kwa padri. Na katika matoleo ya 2016 hadi 2021 anageuka hatimaye kuwakabili wakubwa wanaoziendesha njama. Lakini hayo yamo katika hadithi inayosimuliwa kati ya kazi moja na nyingine. Kanuni za alama, ambazo ndizo fani halisi ya mchezo, hazimwulizi mchezaji nani amemtuma wala kwa nini. Maudhui yanajuta, fani inapongeza. Kwa mizani hiyo mwana wa Liyongo angepewa daraja la juu kabisa: alimwua mmoja, kimya, bila shahidi.

Kwa wasomaji wa sehemu hizi jambo hili si la nadharia tupu. Tarehe 5 Julai 1969 waziri Tom Mboya alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara ya Nairobi ambayo leo ni Moi Avenue. Kaburi lake liko kisiwani Rusinga, katika Kaunti ya Homa Bay. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa mwaka uleule. Sheria ilimpata aliyefyatua. Swali la nani aliyemtuma lingali likiulizwa hadi leo. Jamii yenye jeraha la namna hii haina budi kuitazama kwa makini sanaa inayomzoeza kijana kuridhika na usafi wa kazi ya mwuaji.

Hatupendekezi mchezo huu upigwe marufuku. Tunapendekeza uhakikiwe darasani sambamba na utenzi wa Kijumwa, na mwanafunzi atakiwe aeleze mtawala wa Pate ni nani katika kila kimoja, na msanii amempa nafasi gani.