Mstari wa tatu

Jioni Nguba, mtaa wa Bukavu, umeme ukirudi, kijana mmoja ambaye mchana kutwa hutengeneza simu anapangusa meza, anarudisha bisibisi zake ndogo kwenye mkebe, moja baada ya nyingine, kisha anaweka mbele yake vitu viwili tu: kompyuta iliyochakaa na daftari la shule. Kwenye kompyuta kuna Civilization II, mchezo uliotoka mwaka 1996. Kwenye daftari kuna vijistari vya kalamu, vinne vinne, kama vya mtu anayehesabu mifuko ikishushwa kutoka boti ya kisiwa cha Idjwi.

Miji yake ameipa majina ya kwao: Bukavu, Uvira, Baraka, Kalemie. Yote iko kando ya maji. Kwa zamu nyingi imetawaliwa na mfalme, na leo wataalamu wake wamegundua Jamhuri. Nilidhani ataikimbilia. Yeye alichora kijistari kimoja, akaendelea kupanga mambo ya nyumbani.

Sababu iko katika utaratibu wa mchezo wenyewe. Ukipindua serikali, mpya haiji papo hapo. Katikati kuna kipindi ambacho skrini, iliyo kwa Kifaransa, hukiita Anarchie. Mji wa kweli wa Bukavu, ulioona watawala wakigeuka kwa bunduki mwaka 1996, na tena mwaka 2025, hauhitaji tafsiri ya neno hilo. Katika kipindi hicho utafiti husimama, na kila kipande cha ardhi kinachozaa tatu hurudi kuzaa mbili. Kipindi hicho hukatika zamu ambayo hesabu yake inagawanyika kwa 4. Ukianza zamu moja kabla, utapoteza zamu hiyo moja tu. Ukianza ovyo, utakaa gizani muda mrefu zaidi. Ndiyo maana ya vile vijistari.

Zamu za kungoja hazipiti bure. Kwanza anafungua mji mmoja mmoja na kuhesabu askari. Chini ya mfalme, kila mji hulisha vikosi vitatu bila gharama. Chini ya jamhuri kila kikosi kitakula ngao moja ya uzalishaji. Kikosi cha zamani anakirudisha mjini na kukivunja humo humo, na nusu ya gharama yake inaingia kwenye ujenzi wa hekalu. Hekalu lina kazi yake: raia ambao leo wananyamaza kwa kuona askari tu, kesho hawatamwogopa mtu. Kisha anawaita nyumbani wapiganaji walio nje, kwa kuwa jamhuri hununa vijana wake wakiwa vitani mbali. Mwisho anakagua ghala la chakula la kila mji, lisije likakauka ndani ya zamu ile moja ya njaa.

Mkono wake hauharakishi. Ni ule ule unaoshika skurubu ya simu, ndogo kuliko punje ya mchele, na kuiacha ikae yenyewe kwenye tundu lake kabla ya kuikaza.

Mdogo wake, aliyesimama nyuma ya kiti, amechoka.

"Yaya, juu ya nini haugeuze?"

"Ngoja kwanza, mudogo."

Anachora mstari wa pili. Uvira imemaliza hekalu. Baraka bado ina raia wawili wenye hasira, basi analinunua hekalu lake kwa dhahabu aliyokuwa akiiweka tangu mwanzo wa jioni. Anapitia orodha mara nyingine, kidole kikishuka kwenye skrini bila kuigusa.

Anachora mstari wa tatu. Sasa ndipo anapofungua menyu ya ufalme na kubonyeza neno la mwisho, Mapinduzi. Mashamba yananywea. Utafiti unaonyesha sifuri. Hakuna mji unaoasi, hakuna ghala linaloisha. Anamaliza zamu.

Mchezo unamuuliza anataka serikali gani. Anachagua, kisha anafungua Bukavu na kumwonyesha mdogo wake kipande cha maji mbele ya mji. Awali kilikuwa na mishale miwili ya biashara. Mtoto anainama, anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu.

Kijana anachukua kalamu na kuchora mstari wa nne.