Kuupima Mwendo wa Saa

Mjini Kisumu jua na saa havipatani, na wa kulaumiwa si fundi wala mwenye saa. Kenya nzima hufuata majira ya mstari wa longitudo wa digrii 45 mashariki, mstari ambao haugusi hata shubiri moja ya nchi yetu bali hupita huko Somalia, ilhali Kisumu imekaa karibu na digrii 34 na robo tatu; na kwa kuwa jua hukata kila digrii kwa muda wa dakika nne, linapofika kileleni juu ya Ghuba ya Winam saa zetu huwa zimekwisha kupita saa sita kwa kadiri ya dakika 41. Hata hizo 41 ni wastani tu. Mwanzoni mwa Novemba adhuhuri ya jua huingia hapa kwenye saa sita na dakika 25, na katikati ya Februari huwa imesogea hadi saa sita na dakika 55, jambo ambalo wenye kusali katika misikiti ya mji huu hawahitaji kuelezwa, maana ratiba yao ya sala husogea pamoja na jua.

Nayataja haya mapema kwa sababu mtu aipendaye saa aghalabu hulidhania jua kuwa ndilo kadhi wa mwisho, na kumbe jua lenyewe lina kigeugeu chake. Siku ya jua, yaani tangu adhuhuri moja hadi ya pili yake, huzidi saa 24 kwa nusu dakika hivi mwishoni mwa Desemba, na katikati ya Septemba hupungua kwa sekunde zipatazo 20. Saa ya Seiko 5, saa ya bei ya kadiri ambayo walimu na makarani wengi wameivaa miaka mingi, ikiwa safi na ikirekebishwa kwa ustadi, haibadiliki mwendo kwa kiasi hicho kutoka mwezi huu hadi ule. Ni neno zito kulinena, walakini ni kweli: kigurudumu kinachotikisika ndani ya kikasha cha chuma, juu ya kifundo cha mkono wa mtu apandaye matatu kwenda Kondele, chaweza kulishinda jua kwa uthabiti. Uthabiti huo ndio ninaotaka kuusifu, pamoja na kazi ya kuutafuta, ambayo mtu yeyote mwenye subira aweza kuifanya juu ya meza ya nyumbani kwake.

Wengi tunapoulizana habari za saa huuliza imekosa kiasi gani, na jibu la swali hilo halina faida kubwa. Saa iliyotangulia dakika tatu leo haijatuambia lolote, kwani huenda iliwekwa vibaya juzi. Lakini saa iliyotangulia sekunde 84 kwa juma zima, sekunde 12 kila siku pasipo kuongeza wala kupunguza, imetupa habari zake zote, na mwenyewe aweza kuijua saa ya kweli kwa hisabu ya kichwani bila kuigusa. Ile inayozidi 15 leo, ikapunguza 10 kesho, ikazidi tena keshokutwa, hata kama mwisho wa juma hesabu yake imeangukia sifuri, si saa ya kutumainiwa. Usahihi wake ni wa bahati, na bahati haina ahadi. Hivyo ndivyo walivyofikiri wanabahari. Saa maarufu ya John Harrison, iliyosafirishwa kwenda Jamaika mwaka 1761 ikasemwa kuwa imekosa sekunde tano tu kwa siku 81, haikuwa imeonyesha saa ya kweli usoni pake: ilikuwa ikichelewa kila siku kwa kiasi kinachojulikana, na sekunde hizo tano ni zile zilizosalia baada ya kiasi hicho kuondolewa kwa hisabu. Waamuzi wa jaribio hilo hawakuridhika, na katika safari ya pili, ya Barbados mwaka 1764, mwendo wa saa ulitangazwa kabla. Hoja yao mimi naiona ya haki. Aandikaye mwendo wa saa yake baada ya kuona matokeo hajapima kitu.

Vyombo vya kupimia ni vichache: daftari, kalamu, na mahali pa kuipata saa ya kweli. Zamani palikuwa redio peke yake. Tangu tarehe 5 Februari 1924 BBC imekuwa ikitoa milio sita ya kutambulisha saa, na saa kamili huwa pale uanzapo mlio wa sita, ambao ni mrefu kuliko wenzake. Siku hizi simu yatosha. Wapo wanaobisha kwamba sauti ya redio ikipitia setilaiti hufika imechelewa, na kwamba mlio upitao kwenye intaneti huchelewa zaidi, sekunde kadhaa. Ni kweli kuhusu intaneti, kwa sababu kuchelewa kwake hubadilika na humharibia mpimaji hesabu. Lakini kuchelewa kusikobadilika hakudhuru, maana tunachokitafuta ni tofauti ya leo na jana, na kinacholingana pande zote mbili hujiondoa chenyewe. Njia nyepesi kuliko zote ni kuilaza saa kando ya simu ionyeshayo sekunde, kuzipiga picha zote mbili kwa pamoja, kisha kutazama kwa utulivu akrabu ya sekunde imeelekea wapi. Ifanywe saa ile ile kila asubuhi, kwa sababu kamani iliyojaa na kamani iliyolegea hazisukumi kwa nguvu moja.

Na tufungue kifuniko cha nyuma. Seiko 5 hupiga mara sita kwa sekunde, ndiyo mapigo 21,600 kwa saa na mapigo 518,400 kwa siku. Ikikosa sekunde moja kwa siku imekosea mapigo sita katika nusu milioni na ushei. Kinachoyapima mapigo hayo ni gurudumu la mizani, liendalo na kurudi juu ya mhimili ambao ncha zake ni nyembamba kuliko sindano ya kushonea, na kamani ndogo iliyojiviringisha katikati yake, ikilirudisha kila linapotaka kwenda mbali. Christiaan Huygens aliidhihirisha kamani hiyo mwaka 1675, na sisi tukaao jirani na Ikweta tuna sababu ya pekee ya kumshukuru. Miaka mitatu kabla yake, Mfaransa Jean Richer alikuwa ameigundua taksiri ya saa za timazi: huko Cayenne, karibu na Ikweta, saa iliyokuwa sawa Paris ilichelewa kwa dakika mbili na nusu kila siku, maana uzito wa dunia ni hafifu kidogo huku kwetu. Saa ya timazi iliyosahihishwa London, ikisafirishwa hadi kituo cha mwisho cha reli iliyofika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, kwa hesabu hiyo hiyo ingechelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku. Saa ya mfukoni ya abiria aliyeketi behewa lile lile isingeshtuka, kwa kuwa kamani haitegemei uzito wa dunia.

Hutegemea kitu kingine, nacho ni joto. Kamani ya chuma cha kawaida hulegea ikipata joto, na saa ikachelewa. Charles Édouard Guillaume, kwa madini aliyoyachanganya ya chuma na nikeli, aliipunguza sana taabu hiyo akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920, lakini haikwisha kabisa, na ndiyo maana saa za Uswisi zinazoomba cheti cha kronomita hupimwa siku 15, katika mikao mitano na katika joto la digrii 8, 23 na 38, nazo hukubaliwa ikiwa wastani wake haupungui sekunde nne wala hauzidi sita kwa siku. Digrii 8 hatuzijui hapa ufukweni. 38 zaweza kupatikana juu ya dashibodi ya gari lililoachwa juani.

Mikao ndiyo fani yenye ladha kuliko zote. Saa iliyolala chali hutegemea ncha moja tu ya mhimili wake, msuguano ukawa mdogo na gurudumu likazunguka mbali; ikisimamishwa kwa ubavu, mhimili huegemea kuta za vito vyote viwili vinavyozishika ncha zake, gurudumu likachoka mapema, na mwendo ukabadilika. Basi mwenye saa huipima usiku mmoja ikiwa chali, wa pili kifudifudi, wa tatu ikisimama kifundo chake kikiwa juu, na kadhalika, mpaka daftari limwambie tabia ya kila mkao. Akishayajua hayo anayo dawa isiyohitaji bisibisi: saa iliyotangulia mchana mkononi hulazwa usiku katika mkao unaoichelewesha, ikaamka imerudi mahali pake. Sijaona katika ufundi wowote adabu nzuri kuliko hii ya kukirekebisha chombo kwa namna ya kukilaza.

Mwenye haraka aweza kuisikiliza. Ipo mashine ndogo yenye maikrofoni, na zipo programu za simu zifanyazo kazi hiyo hiyo, ambazo hulinasa kila pigo na kulichora kuwa doa kwenye kioo, madoa yakajipanga mistari miwili. Mistari ikipanda, saa yatangulia, ikishuka, yachelewa, ikiachana sana, gurudumu halitikisiki sawa kulia na kushoto. Mashine hutaja pia gurudumu linazunguka digrii ngapi, na katika saa iliyojaa hutarajiwa kati ya 250 na 300. Likishindwa hata kufika 200, hapo hakuna la kurekebisha: mafuta yamekauka, na saa ipelekwe kwa fundi.

Mafundi saa wa mji wetu hukaa kwenye baraza za maduka ya zamani, lenzi jichoni, na vioo vya meza zao vimejaa magurudumu ya saa zilizokufa. Mmoja wao, ninayemwita Mzee kama wamwitavyo wote, alinifundisha kwamba saa iliyoanza ghafla kutangulia kwa dakika kadhaa isiguswe kabla ya kujaribiwa kwa dira, kwa sababu aghalabu imeingiwa na sumaku ya spika au ya kifuniko cha simu, na mizunguko ya kamani imeshikamana. Sindano ya dira ikicheza, chombo cha kutolea sumaku humaliza kazi kwa sekunde chache.

Tendo lenyewe la kurekebisha ni dogo mno. Juu ya gurudumu la mizani kuna kijimkono kinachoishika kamani karibu na mwisho wake, na kando yake alama za kujumlisha na kutoa. Kukisogeza upande wa kujumlisha huifupisha sehemu ya kamani inayofanya kazi, na saa huongeza mwendo. Mtu hukigusa kwa ncha ya kijiti cha mti laini, pumzi ameizuia, na mguso sahihi ni ule ambao jicho halioni kitu kimesogea. Ukikiona kimesogea, umeshapita dakika nzima kwa siku. Kisha kifuniko hurudishwa kabla vumbi halijaingia, na saa huachwa siku kadhaa bila kuulizwa swali.

Yangu sasa inatangulia sekunde mbili kwa siku, chali na mkononi, na kijimkono sitakigusa tena kwa sasa. Majira ya joto ya Januari hadi Machi yanakuja, na ukurasa wa daftari umekwisha kupigwa mistari: tarehe, joto la chumba saa moja asubuhi, mkao wa usiku, na tofauti.