Mshairi au Mwanaharakati? Ketty Nivyabandi katika Mizani ya Uhakiki wa Kiswahili

Wasifu wa Ketty Nivyabandi, mshairi wa Burundi aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1978, aghalabu hugawanywa sehemu mbili. Kabla ya 2015 yeye ni mshairi, aliyeiwakilisha nchi yake katika tamasha la Poetry Parnassus, London, mwaka 2012. Baada ya Mei 2015, alipoongoza maandamano ya wanawake Bujumbura kupinga muhula wa tatu wa rais kisha akalazimika kwenda uhamishoni, yeye ni mwanaharakati, hadi kufikia cheo cha Katibu Mkuu wa Amnesty International nchini Kanada. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo haufai.

Ushairi wa Kiswahili haukupata kuutambua mgawanyo wa aina hiyo. Muyaka bin Haji alitunga kuhusu uhasama wa Mombasa na Unguja akiwa ndani ya uhasama wenyewe. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya maandishi yake, na tungo za *Sauti ya Dhiki* (1973) zikazaliwa gerezani. Hata hivyo, mapokeo hayohayo yanatuonya. Diwani hiyo inaishi kwa uteuzi wa maneno na nidhamu ya arudhi, si kwa kifungo cha mtunzi wake. Dhiki peke yake si shairi. Kumsoma Nivyabandi kama shahidi tu, basi, ni kumpunja.

Lakini nani atamsoma kama mshairi? Yeye hutunga kwa Kifaransa na Kiingereza. Mwaka huohuo wa 2015, maelfu ya Warundi walikimbilia Kagunga, Tanzania, wakavushwa hadi Kigoma kwa meli ya Liemba. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Muhuta hadi Rumonge, Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani, na Kiswahili husikika sokoni na kwenye mialo ya wavuvi. Msomaji wa huko asiyejua Kifaransa wala Kiingereza anaweza kulisikia jina lake katika habari, asikutane kamwe na ubeti wake. Kwake, mgawanyo tunaoupinga umekwisha kutimia.

Kwa hiyo tafsiri ya Kiswahili ni sharti la uhakiki wenyewe. Tukishaipata, tuyapime mashairi yake kwa mizani tuliyompimia Abdilatif, bila kumpunguzia kwa kuwa aliteseka.