Nyigu wa Mombasa hatafaa Ufipa

Ingia shamba la mahindi Laela au Matai, huko Ufipa mkoani Rukwa, mwezi wa pili, tafuta bua lenye tundu, ulipasue kwa kisu. Kwanza utaona kinyesi cha kiwavi, halafu handaki, na mwisho wa handaki kiwavi mwenyewe: mnene, mweupe wenye kivuli cha zambarau, kichwa cha kahawia. Huyo ni funza wa mabua, ambaye wataalamu wanamwita Busseola fusca. Lakini kuna bua utakalolipasua ukakuta funza amenyauka, amelala hoi, na ubavuni mwake kishada cha vifukofuko vyeupe vilivyoshikana kama punje za mchele. Anayeviponda akidhani ni mayai ya mdudu mharibifu anamuua msaidizi wake. Humo ndani mna nyigu, na ni wao waliommaliza funza.

Nyigu wengi hawana habari na binadamu. Yule wa kwenye kenchi za nyumba, mwenye kiuno chembamba na mwiba mkali, ni sehemu ndogo tu ya ukoo mkubwa wa Hymenoptera, ambao nyuki na siafu nao wamo. Huyu wa kwenye bua ni wa familia ya Braconidae, jenasi ya Cotesia, spishi sesamiae. Peter Cameron alimwandika mwaka 1906 kwa vielelezo vya Afrika Kusini, akamweka katika jenasi Apanteles, iliyokuja kugeuka ghala la kila nyigu mdogo mweusi asiyejulikana pa kuwekwa. Mwaka 1981 William Mason, mtaalamu wa Kanada, alilivunja ghala hilo na nyigu wetu akahamia Cotesia. Ndiyo sababu vitabu vya zamani vya kilimo vinamwita kwa jina jingine.

Ana urefu wa milimita mbili hadi tatu, mweusi, miguu ya manjano iliyochanganyika na kahawia. Mwili wake umebonyea kutoka juu kwenda chini, na umbo hilo lina kazi: jike haingojei funza atoke, humfuata ndani ya handaki lake, gizani, katikati ya kinyesi. Humdunga na kumwekea mayai kwa makumi kwa mkupuo mmoja. Funza naye hung'ata, na majike wengi hufia humo humo. Mayai yakishaanguliwa, mabuu hula funza kwa ndani kwa takriban wiki mbili, kisha hutoboa ngozi, hutoka pamoja na kusokota vile vifukofuko.

Mpaka hapo tuna jina, sura na tabia. Afisa ugani angeweza kuridhika. Tatizo ni kwamba sura ya nyigu huyu inadanganya, na namna udanganyifu huo ulivyogunduliwa inawahusu moja kwa moja wanaolima mahindi Rukwa.

Mwaka 1991 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilimleta kutoka Pakistan ndugu yake wa Asia, Cotesia flavipes, ili apambane na Chilo partellus, funza wa mabua ambaye naye asili yake ni Asia. Aliachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993. Mgeni huyo na mwenyeji wetu wanafanana kiasi kwamba hata chini ya hadubini mtu hujikuta akikisia. Kimani-Njogu na Overholt, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1997, walilazimika kutazama viungo vya uzazi vya dume, vitu vidogo mno, ili watenganishe spishi za kundi hili.

Kutenganisha spishi mbili ni jambo moja. Kazi ngumu ilikuwa ndani ya sesamiae mwenyewe. Watafiti wa ICIPE walikusanya nyigu hao pwani, karibu na Mombasa, na wengine Kitale, nyanda za juu magharibi mwa Kenya. Kwa macho walikuwa nyigu wale wale. Kisha wakafanya jambo ambalo hadubini haiwezi: wakawapa majike wa pande zote mbili funza wa aina mbili, Sesamia calamistis na Busseola fusca, na baadaye wakawapasua funza kuona mayai yamefika wapi. Ndani ya Sesamia wote walistawi. Ndani ya Busseola mayai ya nyigu wa Kitale yaliendelea vizuri, lakini ya nyigu wa Mombasa yalizingirwa na seli za damu za funza, yakafunikwa tabaka juu ya tabaka mpaka yakafa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Kwa funza mmoja, nyigu wa jina moja walikuwa na hatima mbili.

Sababu imefichika ndani zaidi. Jike anapodunga hamwagi mayai peke yake. Anaingiza pia virusi anavyovibeba katika vinasaba vyake mwenyewe, vinavyotengenezwa kwenye viungo vyake vya uzazi. Jeni za virusi hivyo hufanya kazi ndani ya mwili wa funza na kuilaza kinga yake. Mojawapo inaitwa CrV1, na utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa utendaji wake ndani ya Busseola hutofautiana kati ya nyigu wa Kitale na wa pwani. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kadhia hii: silaha inayoamua nani ataishi haionekani kwenye bawa, mguu wala kipapasio.

Sasa tazama ramani. Kwa kawaida ya Afrika Mashariki, Busseola hutawala nyanda za juu zenye baridi, Chilo hutawala maeneo ya chini yenye joto. Pwani ya Kenya Busseola ni haba, kwa hiyo nyigu wa huko hakuwa na sababu ya kujifunza kumshinda. Sumbawanga mjini ni kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Kitale. Teremka ukingo wa bonde kwenda Muze, au upande wa pili kwenda Kasanga ziwani, na umeshuka takriban mita 1,000 kwa safari ya saa chache. Mkoa mmoja una mazingira ya Kitale juu na joto la bondeni chini, na magunia ya mahindi yanapanda na kushuka barabara zile zile. Mtu akileta nyigu waliofugwa maabara ya pwani akawafungulia Nkasi kwa kuwa kibandiko cha chupa kinasema Cotesia sesamiae, atakuwa amefungulia majike wa kwenda kutaga mayai yatakayozingirwa na kufa.

Uchunguzi haukuishia hapo. Watafiti wa Kenya na Ufaransa waliendelea kupasua mabua, safari hii si ya mahindi tu bali ya majani ya porini na ya kwenye madimbwi, na wakakuta nyigu wanaomshambulia funza mmoja tu, Sesamia nonagrioides, ndani ya mimea ya majimaji. Walipounganisha vinasaba, uzazi, aina ya funza na tofauti ndogo za umbile, waliamua kuwa hao si sesamiae. Mwaka 2017 wakapewa jina lao, Cotesia typhae.

Mwaka huo huo Rukwa ilivamiwa na viwavijeshi vamizi kutoka Amerika, na mabomba ya dawa yakaongezeka mashambani. Viwavi hao wana nyigu wao wengine, hiyo ni habari ya siku nyingine. Ila dawa inayoua kila kitu haibagui: inamkuta pia nyigu wa bua, ambaye akishakomaa huishi siku chache tu.

Basi kazi ya Ufipa ianze kwa kukusanya, kabla ya kuagiza nyigu popote. Mabua yapasuliwe kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne, juu Sumbawanga na chini bondeni. Kila funza afugwe peke yake mpaka ijulikane nani anatoka ndani yake, na watakaotoka wapewe funza wengine wa hapo hapo ili waonekane kama wanazaana. Wengine wahifadhiwe kwenye spiriti kwa uchunguzi wa vinasaba. Na kibandiko cha kila chupa kitaje mambo matatu ambayo makusanyo mengi ya zamani hayana: mmea, aina ya funza, na mwinuko wa shamba kwa mita.