Heko kwa Kiti cha Mwakilishi wa Wanawake

Kabla ya Katiba ya Kenya ya 2010, wanawake wa Kericho na Bomet, nchi ya majani chai, walijipenyezea njia wenyewe. Mwaka 2008, wabunge Lorna Laboso wa Sotik na Kipkalya Kones wa Bomet walipofariki katika ajali ya ndege, Sotik ilimchagua Joyce Laboso, dadake Lorna, nayo Bomet ikamchagua Beatrice, mjane wa Kones. Joyce akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa mwaka 2013, mwanamke wa kwanza katika wadhifa huo, kisha gavana wa Bomet mwaka 2017, hadi alipofariki mwaka 2019.

Ibara ya 97 ya Katiba hiyo ikageuza bahati kuwa haki: kila kaunti, kati ya zote 47, humchagua mwanamke mmoja kuwa Mwakilishi wa Wanawake bungeni. Kupitia kiti hicho Florence Bore wa Kericho alipanda hadi uwaziri wa Leba, na Linet Chepkorir wa Bomet akachaguliwa mwaka 2022 akiwa na miaka 24.

Heko, basi. Ila kiti hiki ni ngazi, si dari. Kanuni kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili bado haijatimizwa bungeni. Wapiga kura, wapeni wanawake ubunge wa maeneo bunge na ugavana pia.