Kipimo cha Damu cha Kifafa Kinaangushwa na Saa

Kijana ameanguka stendi ya Kigongo, mwili unatikisika, povu mdomoni. Dakika mbili, kimya. Mmoja kati ya waliomzunguka anasema mjini kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama hicho ni kifafa kweli. Je, ni kweli, msomaji?

Kwa kiasi, ndiyo. Kinachopimwa ni prolaktini, homoni ile ile inayowezesha mama kutoa maziwa. Hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na muda wote dopamini huishikia breki. Umeme wa kifafa ukivuruga sehemu inayosimamia breki hiyo, prolaktini hupanda. Michael Trimble, daktari wa London, aliliandika hili mwaka 1978. Wazo zuri, maana kuna watu wanaoanguka vilevile kwa sababu ya msongo wa nafsi, bila umeme wa kifafa. (Nao hawajifanyi, tafadhali. Wanahitaji tiba, ila ya aina nyingine.)

Sasa soma masharti. Mwongozo wa madaktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani, wa 2005, unataka damu ichukuliwe dakika 10 hadi 20 baada ya tukio, na kiwango kifike angalau mara mbili ya kile cha kawaida cha mgonjwa mwenyewe. Dakika 20! Daraja la kwenda Busisi lilifunguliwa 2025, kilomita 3, na foleni ya kivuko imekwisha. Lakini hadi umpate wa kukushika, upate usafiri, upite Usagara, ufike Bugando na kufungua faili, muda huo umeshapita zamani. Baada ya saa chache homoni imesharudi chini, na karatasi itasema "kawaida".

Hiyo "kawaida" ndiyo inayonitisha. Hata damu ikichukuliwa kwa wakati, kwenye kifafa cha mwili mzima kipimo hunasa wagonjwa 6 hivi kati ya 10. Kwenye kile kinachoanzia sehemu moja ya ubongo na kumvuruga mtu ufahamu, hakifiki nusu. Mtu akisoma "kawaida" kama "hana kifafa", dawa zinakatizwa, na mgonjwa anaweza kuangukia kwenye moto au ziwani.

Prolaktini ikipanda, ushahidi una uzito zaidi, lakini kuzimia kwa kawaida nako huipandisha. Haloperidoli na kloropromazini, dawa za magonjwa ya akili, huipandisha pia kwa kuzuia dopamini. Mama anayenyonyesha ndiyo usiseme.

Kwa hiyo makala zinazoiita alama ya kifafa zinaikuza mno. Ni nyongeza tu, inayofaa wodini ambako nesi yuko kando na sindano.

Pale stendi, simu ina msaada zaidi. Utafiti uliochapishwa 2020 kwenye JAMA Neurology ulionyesha kuwa video za simu huwasaidia sana wataalamu kutambua aina ya tukio. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, angalia saa. Ikizidi dakika 5, hospitali mara moja. Mwingine arekodi: macho yako wazi au yamefumba? Mkono upi ulianza? Halafu video hiyo apewe daktari, isipandishwe status.